Mgodi Ulijua Siku Yake

Mgodi wa Base Titanium hapa Kwale ulichimba mchanga wake wa mwisho Desemba 2024. Watu wa Nguluku na Maumba waliijua siku hiyo kabla haijafika. Kampuni ilikuwa imetangaza zaidi ya mwaka mmoja mapema, na hata bila tangazo, madini ni mali ya kuhesabika. Meli ya kwanza ya madini yale iliondoka Likoni Februari 2014. Mchanga wa kilima cha kati ulipokwisha, mitambo ilihamishiwa kilima cha kusini mwaka 2019. Eneo la Bumamani likaongeza muda kidogo. Kisha mchanga uliobaki ukawa haulipi gharama ya kuuchimba.

Hoteli za Diani hazina tarehe kama hiyo, na hapo ndipo penye shida ninayotaka kuizungumzia. Aliyeajiriwa mgodini alilazimika kujiuliza, walau mara moja, atakuwa nani lango likifungwa. Wa hotelini halazimishwi na chochote. Desemba wageni hujaa, Mei hupungua, Julai hurudi, na mtu anaweza kuzunguka na msimu huo tangu ujana wake hadi mvi zimtoke, akiwa kwenye meza ile ile na cheo kile kile, bila siku hata moja kumwambia: wewe umekwama.

Nimezikusanya hapa sauti nilizozizoea kati ya Likoni na Lunga Lunga, nikaziketisha katika mkahawa mmoja wa Ukunda, mwezi wa Mei, mvua ya masika ikinyesha na hoteli zikiwa nusu tupu. Sikuzipa majina kwa kuwa kila moja ni ya watu wengi. Mpishi ni mtu wa Mwabungo, yuko jikoni katika hoteli ya ufuoni. Fundi ni kijana wa umeme aliyetoka mgodini. Meneja anasimamia wafanyakazi wa hoteli. Hakuzaliwa Pwani, lakini wanawe wamezaliwa Msambweni. Mama analima mwani Kibuyuni, na zamani alitandika vitanda vya wageni Diani. Mwalimu atachelewa. Mimi nitaingilia pale nitakapoona neno limepita bila kuulizwa.

MPISHI: Mimi nasema wazi, nimekwama, na sioni aibu. Jiko la hoteli lina ngazi zake. Unaanza komi, unapanda demi shefu, unashika kituo chako, cha mboga au nyama au samaki, halafu su shefu, halafu shefu mkuu. Wanafunzi wa vyuo huletwa kwetu miezi mitatu kujifunza kazi. Nawaonyesha kushika kisu, kumtoa samaki mnofu bila kuacha mwiba, kupika mchuzi wa nazi tui lisikatike mbele ya wageni mia mbili. Wanarudi chuoni, wanamaliza, na baada ya mwaka au miwili mmoja wao anarudi na koti lenye cheo kifuani, na ndiye anayenipangia zamu. Nimekuwa kisima cha msikiti. Watu hutawadha, kisha huingia kuswali, mimi nabaki nje.

MENEJA: Pole, Shefu. Lakini nikuulize kwa heshima. Nafasi ya mkuu wa kituo cha samaki ilipobandikwa ubaoni, uliandika barua?

MPISHI: Nilisikia wanataka diploma.

MENEJA: Ulisikia kwa nani?

MPISHI: Kwa wenzangu.

MENEJA: Tangazo lilisema diploma, au uzoefu unaolingana nayo. Hukulisoma.

MPISHI: Madamu, mtu akishapitwa na watatu aliowafundisha mwenyewe, ubao ule hausomi tena. Anapita mbele yake akitazama chini.

Naomba tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo mazungumzo mengi ya kukwama kazini hukatika vibaya. Mwenye cheo husema, “Hukuomba.” Asiye na cheo husema, “Ningenyimwa.” Kila mmoja huenda zake akiwa ameshinda. Mpishi kweli hakuomba, na hilo ni lake. Lakini kuacha kuomba kuna chanzo chake. Hakuna anayezaliwa akitazama chini. Nami nataka kuuliza kile kipande kingine cha tangazo: uzoefu unaolingana na diploma, unapimwa na nani? Kwa mizani gani? Kama jibu ni kwamba Meneja atakadiria siku ya mahojiano, basi Mpishi hakukosea sana alipodhani ubao haukuandikwa kwa ajili yake.

Diploma yenyewe ina historia. Chuo cha Utalii cha Kenya kilifunguliwa Nairobi mwaka 1975, katika muongo ule ule ambao hoteli zilikuwa zikisimama moja baada ya nyingine ufuoni Diani. Kijana wa Kinondo aliyetaka kusomea kazi inayofanyika hatua chache kutoka kwao alitakiwa avuke feri, apande basi la usiku, akakae kilomita karibu 500 kutoka nyumbani, tena alipe ada. Pwani iliahidiwa chuo chake, kile cha Ronald Ngala pale Vipingo, Kilifi, na ujenzi wake umevuta zaidi ya miaka kumi. Matokeo ni kizazi kizima cha wapishi, wahudumu na watandika vitanda waliojifunza kwa kusimama kando ya anayejua. Ujuzi wao ni wa kweli. Wageni wanaula kila jioni. Ila haukuandikwa popote. Kwa hiyo mtu wa Kwale akilalamika kwamba vyeo vikubwa vya Diani vimeshikwa na watu wa mbali, msikilizaji asikimbilie kumwita mkabila. Mara nyingi anaeleza umbali wa darasa.

MENEJA: Nakubali hilo la darasa. Lakini nami nisikilizwe. Agosti 1997 Likoni iliposhambuliwa, hoteli za pwani hii zilibaki na wafanyakazi wengi kuliko wageni. Mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, vivyo hivyo. Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya watu wake wasije kisiwa cha Mombasa na ukanda wa ufuo kutoka Mtwapa hadi Tiwi. Diani haikuwamo, onyo liliishia Tiwi. Lakini kampuni za Uingereza zilizokuwa zikileta watalii kwa ndege za kukodi zilikatiza safari za Mombasa, na vitanda vyetu vikalala vitupu pamoja na vya wenzetu. Ya 2020 sina haja ya kuyasimulia. Mwenye hoteli aliyeyaona yote hayo atajaza vyeo vya kudumu kwa moyo gani?

MPISHI: Na mimi niliyeyaona pamoja naye? Kabla ya korona nilikuwa nimefika demi shefu. Tukarudishwa nyumbani. Nilipoitwa tena, mkataba ulikuwa mpya, wa msimu, na umeandikwa komi. Kazi ninayofanya ni ya mkuu wa kituo. Nikiuliza, naambiwa nishukuru nimeitwa.

MAMA: Hapo pana neno. Mkataba mpya haumkumbuki mtu.

Hili la mkataba usiokumbuka ni zito kuliko watu wanavyodhani, na sheria haikulimaliza. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haitarajiwi kumalizika ndani ya miezi 3, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Ni kifungu kizuri, na kila kibarua wa Kwale angepaswa kukijua kwa moyo. Lakini hoteli yenye wakili haimwiti mtu kibarua. Humpa mkataba wa miezi kadhaa, wenye mwanzo na mwisho, na mahakama ya kazi imeshasema mara nyingi kwamba mkataba wa namna hiyo hufa siku yake ikifika, wala kwa kawaida haumpi mtu haki ya kupewa mwingine. Basi mtu huhudumu misimu kumi, na machoni pa karatasi amefanya kazi msimu mmoja, mara kumi.

Chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA ndicho kinachokaa mezani na wenye hoteli kujadili mkataba wa pamoja. Mazungumzo hayo husikika zaidi yanapogusa asilimia ya nyongeza ya mshahara. Ningekuwa na sauti pale, ningeomba kipengele kimoja kifupi kipiganiwe kwa nguvu ile ile: anayeitwa tena baada ya msimu arudi na cheo alichokiacha. Hakimgharimu mwenye hoteli wafanyakazi zaidi. Kinamzuia tu kusahau.

FUNDI: Mimi nilitoka mahali tofauti kabisa. Mgodini hugusi mtambo bila kibali cha mtambo huo. Unafundishwa, unapimwa, inaandikwa. Na kwa vile siku ya mwisho tuliijua, mwenye akili alianza mapema. Nilikwenda mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, nikafanya mtihani wa ufundi wa umeme, daraja la pili, kisha la kwanza. Lango lilipofungwa nilikuwa na faili: kozi zote, tarehe, sahihi za wasimamizi.

MPISHI: Na faili limekupeleka wapi, ndugu yangu?

FUNDI: Bado niko Ukunda, kaka. Natandaza nyaya katika nyumba za kupangisha. Mgodi mwingine wa namna ile Kwale hakuna. Nimetuma maombi Msumbiji, pale Moma wanachimba mchanga kama wetu. Sijajibiwa. Lakini wakijibu, sitaanza kwa kuwaeleza mimi ni nani.

MPISHI: Mimi ningeanza hapo. Na ningemaliza hapo.

Tofauti ya hawa wawili ndiyo hoja yangu, nami naisema sasa kabla haijapotea. Fundi hana kazi nzuri kwa sasa, Mpishi anayo. Ukitazama mshahara wa mwezi huu, Mpishi yuko juu. Hata hivyo aliyekwama ni Mpishi, kwa sababu yote anayoyajua yamefungiwa ndani ya geti la hoteli moja. Nje ya geti hakuna karatasi inayomtaja wala mtu mwenye mamlaka anayeweza kumshuhudia. Hoteli ile ikiuzwa kesho, atatoka kama alivyoingia, amezeeka tu. Ramisi iliyaona hayo. Kiwanda chake cha sukari kilifungwa 1988, na hadi kampuni ya KISCOL ilipoanza kusaga miwa tena, zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita. Kijana wa 1988 aliyejua sukari imeiva kwa kuitazama tu alikuwa ameshakuwa babu, na ujuzi wake umezeeka naye.

Niliwauliza basi: mtu anajuaje kwamba amefika hapo? Miaka ni kipimo kibaya, nadhani wote tulikubaliana.

MAMA: Baba yangu alivua Shimoni maisha yake yote na hakukwama hata siku moja. Kila kusi alijua jambo jipya la bahari, na alichokijua kilikuwa chake. Vijana walimfuata pwani kumwuliza. Kwa hiyo usiniambie mtu amekaa pale pale miaka mingapi. Niambie anachokijua kinamfaidi nani.

FUNDI: Mimi hujiuliza hivi: kazi ya mwaka huu, ningeweza kuifanya mwaka juzi? Kama ningeweza yote, basi nimelipwa lakini sikuongezeka.

MENEJA: Nitawapa dalili inayoonekana kutoka upande wangu. Aliyekwama mara nyingi ni mfanyakazi mzuri sana. Hachelewi, hakosei. Ndiyo maana hatumwoni. Macho ya msimamizi huenda penye matatizo. Na nitasema jambo ambalo mameneja hawalisemi hadharani: mtu anayefaa kabisa pale alipo, kumpandisha ni hasara kwangu. Kituo chake kitayumba miezi mitatu. Kwa hiyo namsifu, nampa cheti cha mfanyakazi bora wa mwezi, picha yake inatundikwa karibu na saa ya kuingilia, na namwacha pale pale.

MPISHI: Ninavyo viwili, vyeti hivyo.

Hakuna aliyecheka. Nilimshukuru Meneja kwa kusema vile, na namshukuru tena hapa, kwa maana mashauri mengi tunayopewa kuhusu kazi hutuambia: fanya bidii, utaonekana. Kwa mtu aliye chini kabisa ni kweli. Kwa aliye katikati, bidii ile ile yaweza kuwa ndiyo kamba inayomfunga. Amejifanya wa lazima mahali pamoja, na wa lazima haondolewi.

Sasa njia. Ya kwanza ni karatasi, na zipo zaidi ya wanavyojua wengi. Sheria ile ile ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inampa kila anayeacha kazi haki ya cheti cha utumishi, ili mradi alifanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi. Hakisemi ulikuwa hodari. Kinasema ulikuwapo, tangu lini hadi lini, na ulifanya kazi gani. Mtu wa misimu kumi angeweza kuwa na vyeti kumi, na vyeti kumi vikiwekwa pamoja vinaanza kukumbuka yale ambayo mkataba mpya husahau. Karatasi ya pili ni ya mtihani wa NITA, wa madaraja matatu, unaopima mikono pamoja na maelezo. Ya tatu ni mpya zaidi: Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Unakusanya ushahidi wa ulichofanya, unapimwa na wataalamu kwa vitendo, na ukifaulu unapewa cheti kinachotambulika bila kurudi darasani kuanza moja. Kwa pwani hii ya kusini, iliyojaa wajuzi wasio na vyeti, sioni utaratibu unaofaa zaidi. Ungetangazwa misikitini, makanisani, kwenye stendi za Ukunda na Msambweni, kama unavyotangazwa mkutano wa chifu.

Hapo Mwalimu aliingia, akakunja mwavuli, akasikiliza dakika chache, kisha akanikatiza.

MWALIMU: Samahani, mwandishi. Unazungumza kana kwamba karatasi ni mlango. Mimi ninazo. Niliingia na cheti cha P1. Nikajisomesha wakati wa likizo, likizo baada ya likizo, hadi nikapata shahada, kwa mshahara wangu na kwa mkopo wa sako. Zamani mwalimu akileta shahada alipandishwa. Tume ya walimu, TSC, ikaacha. Tangu miongozo ya 2017 ya kupanda vyeo, unapanda kwa tangazo, kwa mahojiano na kwa nafasi, na nafasi hutoka Hazina inapotoa pesa. Nina shahada, nafundisha darasa lile lile, daraja lile lile la mshahara. Karatasi yangu iko kwenye fremu sebuleni. Nani amekwama hapa?

FUNDI: Mwalimu, wewe una shahidi. Nje ya shule yako kila mtu anajua unachokijua.

MWALIMU: Anajua. Halafu?

Sikuwa na jibu jepesi kwa hiyo “halafu”, na sitajifanya nimelipata. Mwalimu ananilazimisha kugawa jambo mara mbili. Kuna kukwama kwa Mpishi, ambako ujuzi haujulikani. Na kuna kukwama kwa Mwalimu, ambako ujuzi unajulikana na viti havitoshi. Katika hali ya kwanza mtu anaweza kuanza kujinasua mwenyewe wiki hii. Katika ya pili hawezi, hata akiamka alfajiri kila siku ya Mungu. Ni suala la bajeti, la bunge, la chama cha walimu, la kura. Kumwambia Mwalimu ajiendeleze ni kumdhulumu. Ameshajiendeleza kwa pesa yake. Na kinachonikera katika semina za vijana na vitabu vya kujiinua vinavyouzwa kando ya barabara ni kwamba dawa ya Mpishi hunyweshwa Mwalimu, naye akiona hapati nafuu hudhani kasoro ni yake.

MENEJA: Lakini kuna njia ya kutoka kando. Mtu anaweza kuacha. Mama hapa aliacha.

MAMA: Niliacha, ndiyo, lakini msinifanye mfano kabla hamjanisikia. Nilitandika vitanda hadi mgongo ukakataa. Kibuyuni wanawake walikuwa wameanza mwani, nikaingia kikundini. Mwani ni kazi ya bamvua. Maji yakitoka mbali tunashuka, tunafunga mbegu kwenye kamba, kamba kwenye vigingi, na baada ya wiki sita hivi tunavuna, tunaanika. Maji yakiwa moto mno mwani unaugua, unaoza mikononi mwako. Na bei anaipanga mnunuzi. Miezi mingine nilipata chini ya nilivyopata hotelini.

MWALIMU: Kwa nini hukurudi?

MAMA: Kwa sababu nilikuwa nikijifunza. Hotelini nilijua chumba. Kikundini nimejua kuweka daftari, kupima kilo, kubishana na mnunuzi, kutengeneza sabuni ya mwani. Siku ya mkutano nasimama nasoma hesabu, wanawake wananiuliza, nami najibu. Lakini sikiliza, mwanangu. Nyuma yangu palikuwa na minazi ya marehemu mume wangu na nyumba isiyolipiwa kodi. Bila hivyo ningelala njaa mwaka wa kwanza. Msimwambie mtu anayepanga chumba Ukunda aache kazi kwa sababu Mama wa Kibuyuni aliacha.

Nimesikia vijana wakiambiwa “jiajiri” na viongozi wa kila ngazi, nami nalisema hili bila kuuma maneno: neno hilo likitoka kwa mtu mwenye mshahara wa kudumu kwenda kwa mtu asiye na akiba, mara nyingi ni njia ya kumaliza mazungumzo. Mama alihamia kazi nyingine akiwa na ardhi chini ya miguu yake. Tena hakuhamia peke yake. Alihamia kwenye kikundi, kilichokuwa na daftari, vikao na watu wa kumfundisha. Kule Gazi pia, mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya kaboni ya mikoko tangu 2013, ni kazi ya kijiji, yenye kamati na hesabu zinazosomwa. Mtu anaweza kuingia pale akiwa mvuvi, akajifunza kupima miti na kuandika ripoti. Pwani hii inapomtoa mtu alipokwama, mara nyingi inamtoa kwa mkono wa jumuiya.

Kaunti nayo isisahaulike. Mpango wa basari wa Elimu ni Sasa umesomesha watoto wengi wa Kwale tangu ugatuzi ulipoanza 2013, na nauheshimu kwa dhati. Lakini macho yake yako kwa mtoto. Baba yake aliyeko jikoni Diani, mwenye umri wa miaka 41 na ujuzi wa miaka 20 usioandikwa, hana dirisha la kupanga foleni. Ada ya kumpima mtu huyo na kumpa cheti haiwezi kulingana na ada ya miaka minne ya chuo kikuu. Ningependa kuona sehemu ndogo ya bajeti ya basari ikienda kwake, na naamini mtoto wake angefaidika pia.

MPISHI: Haya. Mmesema mengi na mvua imepungua. Mimi kesho naanza wapi?

FUNDI: Kwa daftari, kaka. Andika kila chakula unachoweza kukipika bila kuuliza, na kwa watu wangapi. Andika miaka, hoteli, kituo ulichoshika. Andika ajali ya jiko uliyoizuia. Hapo ndipo faili langu lilipoanzia.

MWALIMU: Njoo nayo shuleni jioni, tutaipanga pamoja. Mimi karatasi nazijua, hata kama hazijanifaa.

MENEJA: Na majina ya wanafunzi uliowafundisha. Wote wako kwenye rejista yetu ya mafunzo, nitakutolea nakala. Huo ni ushahidi kuliko cheti cha mfanyakazi wa mwezi. Niletee wiki hii. Nitatia sahihi yale niliyoyaona kwa macho yangu. Cheo siahidi, Shefu.

MPISHI: Leo sikuomba cheo, Madamu. Naomba sahihi. Na mkataba wa Julai, neno komi liondoke. Niandikwe demi, nilivyokuwa kabla ya korona.

MENEJA: Hilo si langu peke yangu. Nitalipeleka kwa meneja mkuu.

MPISHI: Lini?

MENEJA: Ijumaa tuna kikao.

MAMA: Basi Jumamosi atakuuliza. Na mimi nitamkumbusha akuulize.